Sahani ya Ramiro

Katika basi la kwenda Malvern, kwenye kiti cha mbele yangu, kijana aliyejitambulisha kwa jina la Methodius alikuwa akimsimulia mama wa Kitanzania aliyeketi karibu naye safari yake ya Meksiko. Alikwenda kumpa pole mama wa Ramiro, mwenzake wa kiwandani Brampton, aliyefia kazini.

"Zamu ilikuwa yangu," alisema. "Alinishikia ili niende harusini. Mama yake alinipikia kuku wa mchuzi mweusi wa pilipili na kakao, akanipakulia kwenye sahani ya marehemu. Kila nilipotaka kumwambia, aliniongezea. Binti yake akatafsiri: 'Anasema ule, ulimpenda mwanawe.'"

"Kwa hiyo hajui?"

"Hajui, mama."

"Mpigie simu, mwanangu."

"Ni mzee. Faraja yake ni kwamba mwanawe alikuwa na rafiki. Nimnyang'anye na hiyo?"

Mimi nilijifanya nasoma simu iliyozimika tangu kituo cha Kennedy.

"Nami nimezika mtoto," mama alisema taratibu. "Ningetaka kujua. Ningelia, halafu ningekupakulia tena."

"Si wote wangepakua, mama."

Basi likasimama. Mama akashuka. Methodius alibaki ameketi mpaka dereva alipomwambia kwamba safari imeishia hapo.