Akua Dufie na Tepe Nyekundu za Nsubrem

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu, na anayetwanga fufu aweke mchi chini kidogo. Leo tunamkumbuka Akua Dufie, mpimaji ardhi, binti wa hapa Nsubrem. Narudia: Akua Dufie, mpimaji ardhi. Si yule Dufie muuza samaki. Huyo yu hai, na jana tu kanitukana sokoni.

Dufie alikuwa mfupi. Ufito wa kupimia ulimzidi kimo, nasi tukimtania kwamba anayepimwa ni yeye. Hakukosa jibu. "Nichekeni tu. Lakini nikisema mpaka ni hapa, hata buldoza linasimama."

Aliyemlea na kumsomesha ni mjomba wake, Mzee Twumasi. Baba alikuwepo, ila kwetu mtoto ni wa mjomba.

Mwezi uliopita mgodi wa dhahabu ulitaka kuchimba bwawa la matope karibu na kijito chetu. Dufie akatumwa kuweka mstari ambao mgodi usiuvuke. Sikieni vizuri, wapendwa: usiuvuke. Alikuwa anailinda mikakao yetu. Akapigilia vigingi mashambani, kila kigingi na utepe mwekundu.

Bediako, msaidizi wake, akasita. "Dada, nyekundu huku ni msiba. Watasema tumewazika wangali hai."

"Dereva wa buldoza hajui msiba wako," Dufie akacheka. "Anajua nyekundu ni simama. Funga!"

Habari ikafika mjini imeshaota pembe: mgodi umewatangazia kifo wenye mashamba. Mapanga yakatoka. Mzee Twumasi akatangulia, maana kigingi cha kwanza kilikuwa shambani kwake. Hakujua nani kakipigilia.

Wakamkuta Bediako peke yake. Wakamvunja mkono kwa ufito wake mwenyewe wa kupimia. Wakamfunga kwenye miguu mitatu ya darubini ya kupimia, wakammwagia petroli.

"Wewe si ndiye mzikaji? Leo utajizika!"

"Nani ana kiberiti? Jamani, watu wote hawa hakuna mvuta sigara?"

Dufie alikuwa ng'ambo ya kijito, gari nyuma yake. Angeweza kuondoka. Akavuka maji mbio, kofia ngumu kichwani, kitambaa cha vumbi usoni, akipiga kelele: "Mwacheni! Tepe nimefunga mimi!"

Jiwe likampasua shavu. La pili likampata kifuani. Panga likashuka begani. Alipoanguka, kofia ikatoka, kitambaa kikateleza.

"Mjomba," akasema. "Ni Akua."

Mzee Twumasi akajitupa juu yake. Panga lililokuwa linarudi likamkata yeye mgongoni. Ndipo mikono ikashuka, na kiberiti hakikuwashwa. Bediako akapona. Akua Dufie, mpimaji ardhi, akakata roho kifuani pa mjomba wake.

Bediako yuko hospitali. Anasema: "Petroli aliiona. Akaja hivyo hivyo."

Mama yake Dufie, Maame Konadu, anasema: "Kaka yangu ndiye mkuu wa ukoo. Namuuliza tumzike wapi mtoto. Ananigeuzia mgongo wenye kidonda."

Jiwe la kwanza, wasikilizaji, lilikuwa la Mzee Twumasi. Hajakana.

Tunaipa familia pole, na pole ya ukoo hupokewa na mkuu wake. Basi, Mzee Twumasi, pokea.

Nasi wengine, kabla mkono haujainuka, tujiulize: huyu tumeshamwona uso?