Miguu Mashariki

Kivuko kilikuwa bado hakijaacha ukingo wa Nile pale Minya, lakini wale wawili nyuma yangu walikuwa wameshafika mwisho wa dunia. Mama alikuwa Mkopti, wa kanisa la kale la Misri, amevaa nguo nyeusi za msiba, amepakata kapu la mikate ya rehema ya kugawa makaburini ng’ambo. Mwanamume mwenye Biblia ya mfukoni alikuwa mwalimu wa kanisa la Kiinjili.

“Ile miaka elfu ya Kristo kutawala ndiyo hii tunayoishi, mwalimu,” mama alisema. “Padri wetu katufundisha. Shetani amefungwa.”

“Amefungwa? Basi kamba yake ndefu mno, mama.”

Mama hakucheka. Hata mimi sikucheka; mwaka huu nimezika wawili.

“Kwanza utakuja unyakuo,” mwanamume akaendelea, kama anayesoma ratiba ya treni. “Kufumba na kufumbua, walio wa Bwana hawapo. Ndipo ije dhiki, halafu hiyo miaka elfu.”

“Mimi Wagih wangu nimemlaza miguu mashariki. Bwana atatokea huko. Mwanangu akiinuka tu, wanatazamana.”

“Hayo ni mapokeo ya watu. Bwana hahitaji dira kumpata mtu wake.”

Mama akaipanga upya mikate iliyokuwa imepangika vizuri tu. “Na wewe huko unakwenda kwa nani?”

“Kwa mke wangu. Leo wiki ya tatu.”

“Pole, mwanangu. Ulimlazaje?”

Kivuko kikagusa ukingo, watu wakaanza kusimama. Yeye alibaki ameketi, Biblia magotini.

“Miguu mashariki,” akasema.