Mzaliwa wa Siku ya Nyasi

Ndugu wafiwa, majirani wa Xochimilco, nanyi wasoma siku mliokuja kumsindikiza mwenzenu, mtaniwia radhi sauti imekauka, nimeuguza miezi miwili na kulia siku nne, na ninayesoma ni mimi Xiloxoch, mnayenijua kama binti wa Mama Necahual wa ng'ambo ya mfereji.

Marehemu Acaxoch alizaliwa hapa hapa mwaka wa Tete Kumi, miaka arobaini na minane iliyopita, siku ya Nyasi Moja, ambayo mzaliwa wake, kama mjuavyo, hupata watoto wengi akawazika wote, kwa hiyo wazazi wake walichelewesha kumwogesha hadi siku njema ya Mamba Kumi, ndipo wakampa jina la Acaxoch, yaani Ua la Tete, wakadhani yamekwisha.

Alisomea hesabu ya siku kwa makuhani, na mwaka wa Tete Nne, akiwa na miaka ishirini, akaanza kazi ya kuwatafutia watoto wa watu siku njema, akachoka sana kwa ajili yenu, na mwaka huohuo akamwoa Tlaco, wakajaliwa watoto watano, wanne wakafariki mmoja baada ya mwingine, na wa tano, wa miaka minane baadaye, mwaka wa Tete Kumi na Mbili, mlitangaziwa kwamba alizaliwa mfu.

Si kweli. Alimvusha mfereji kwa Mama Necahual, asihesabiwe kuwa wake, naye Tlaco akakubali huku akilia, hakumaliza mwaka. Kwa miaka ishirini alinisalimu kwa kuniita binti wa jirani, nami nikimwona mzee mwenye maringo.

Mwaka huu wa Tete Sita maji yalimjaa miguuni, kisha tumboni, Mama Necahual akanituma nikamuuguze, na siku moja akanishika mkono akasema, "Mwanangu, nilikukana ili uishi. Usinililie mbele za watu, siku yangu ile ya Nyasi itakusikia." Alifariki siku ya Ua Tisa, asubuhi.

Tunawashukuru waganga, majirani waliochimba kaburi, maana kwetu aliyekufa kwa maji hachomwi kama wengine, kina mama waliomtia mbegu za mchicha mashavuni, na wasoma siku wenzake, ambao jana walinisihi ninyamaze. Nimewasikia, wazee wangu, ila nimechoka kuwa binti wa jirani.

Baba, pumzika kwa amani, mtoto wako amekuzika.