Mama Débora na Gundi ya Chumba cha Tatu

Tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Débora Kasika anaaga kituo chetu cha afya hapa Mususa, mjini Butembo. Alipoajiriwa alikabidhiwa ndoo, ufagio na jengo la vyumba vinne. Leo vyumba ni kumi na viwili, na hakuna hata kimoja ambacho mkono wake haukukipitia.

Wageni wanamjua kama mama wa usafi. Sisi tunajua ana ufundi mwingine: kutoa gundi. Muuguzi akinunua sahani mpya sokoni na karatasi yake ikakataa kubanduka, humletea. Vibandiko vya watoto kwenye kabati, lebo za chupa za asali, utepe uliokaukia kwenye friji, vyote humngojea yeye. Hupaka mafuta ya kupikia, huyaacha yaingie, kisha husukuma taratibu kwa kipande cha plastiki alichokata kwenye bidoni, dumu la zamani. Mwisho ni maji ya moto na sabuni.

“Kole haipende nguvu,” hutuambia, maana gundi yeye huiita kole. “Inapenda kungojewa.”

Ufundi huo aliupata kwa makosa. Mwaka wake wa pili alikwangua kioo cha ofisi kwa wembe, na mikwaruzo ipo hadi leo. Baadaye alijaribu esansi, yaani petroli, ya pikipiki kwenye mlango wa Papa Gamaliel, muuguzi mkuu wetu. Gundi ilitoka, na rangi ya mlango ikaifuata. Kwa siku tatu ofisi ile ilinuka kama kituo cha mafuta. Papa Gamaliel hakumkaripia. Alimwomba tu asiguse viatu vyake.

Lakini tunalomshukuru zaidi lilitokea mwaka 2020, Ebola ilipokuwa imetuachia nafasi ya kupumua. Wakati wa ugonjwa, chumba cha tatu kilikuwa cha kuwatenga waliosubiri majibu ya vipimo. Mimi Esdras, ninayeandika mistari hii, ndiye niliyebandika utepe mwekundu mlangoni, ukutani na vitandani. Tulipoubandua, gundi ilibaki, ikashika vumbi, ikawa mistari myeusi. Tukakifanya chumba cha kuzalia. Akina mama walikuwa wakifika mlangoni, wakiona ile mistari, wanageuka. Mmoja alijifungulia njiani, akapoteza damu nyingi, akapona kwa shida. Sisi tulitunga tangazo la kuwatoa hofu, tukalibandika pale pale, kwa utepe.

Kisha akaja Clémence, mke wa mwalimu aliyetumwa huku kutoka Mbandaka. Uchungu ulikuwa umemshika. Alisimama mlangoni, akaegemea ukuta.

“Miye hapana ingia mule,” alisema. “Mule batu balikufa.”

Nilimweleza kwamba hakuna aliyefia mle. Hakunisikia. Kitanda kingine hakikuwepo. Ndipo Mama Débora akaweka ndoo yake chini.

“Mama, hapana mutu alikufa mule. Ile ni kole tu. Tembea kidogo pa koridoo, miye niko naitoa.”

Akapaka mafuta mlangoni na kwenye chuma cha kitanda, akangoja kama kawaida yake, huku mimi nikiona anachelewa. Clémence alikwenda na kurudi, akisimama kila uchungu ulipombana. Aliporudi mara ya nne, mistari ilikuwa ikitoka kwa vipande vidogo, kama uchafu wa ngozi. Alinyoosha kidole, akagusa mahali palipokuwa peusi.

“Eh! Kumbe ilikuwa kole?”

Akashika bega la Mama Débora, akaingia. Kabla jua halijazama alizaa binti, na baba yake akamwita Elikia, yaani Tumaini kwa Kilingala.

Siku iliyofuata Mama Débora aliomba siku nne na lita mbili za mafuta. Alitoa kila mstari katika chumba kile, na tangazo letu pia. Tangu hapo hakuna mama aliyegeuka mlangoni. Mwezi uliofuata wenzetu wa Beni walimwomba aende kwao kwa wiki mbili, na huko aliwafundisha wanawake tisa. Alirudi na kuku, zawadi yao, nasi tukamla pamoja.

Mama Débora, sisi wenye makoti meupe tulikuwa na maneno mengi ya kuwapa wagonjwa. Wewe uliangalia kile macho yao yalichokuwa yakiangalia, ukapiga magoti, ukakiondoa. Kuna watoto mamia katika Butembo waliozaliwa salama katika chumba kile, na mama zao hawajui hata jina lako. Sisi tunalijua.

Bwana akupe afya, usingizi mtamu na asubuhi zisizo na haraka. Tunakutakia miaka mingi mizuri kati ya watu wako. Wasingya kutsibu, asante sana, mama yetu.