Jinsi Mkono Wangu wa Kushoto Ulivyorudi Kazini

Jumapili ya tatu ya Majilio. Mvua ilianza kabla ya misa, ikaacha tulipokuwa tunatoka, halafu ukungu ukashuka mpaka nyumba ya jirani haionekani.

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nawasalimu wote wa jumuiya yetu, na wazee shikamooni. Mimi ni Kalisto, yule anayelima na ng'ombe wa kijiji. Nimeombwa nitoe ushuhuda Jumatano, na kwa kuwa nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia, nayaandika kwanza hapa nipate kuyasoma. Shule niliishia darasa la nne. Nikikosea mnisamehe, na nikizidisha mnikatize, maana wengi wenu mlikuwepo.

Wakati ule tunahamia kijijini hapa, nilipanda juu ya nyumba yetu ya zamani kung'oa miti ya paa ili tuje kuitumia huku. Mti mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Nilianguka, mkono wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko. Hospitali walinifunga plasta ngumu, ile ambayo watu huiita muhogo, nikakaa nayo mpaka mahindi yakakomaa. Walipoikata nilidhani wamenirudishia mkono wa mtu mwingine. Ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe na ngozi inapwaya. Tabibu akaniambia, "Mfupa umeunga vizuri. Sasa utumie, kidogo kidogo, utajaa." Alisema hivyo, na sitaki mtu amlaumu. Mimi ndiye niliyesikia "kidogo" nikaondoka na hilo tu.

Ndugu zangu, nikiutumia mkono unauma, nikiupumzisha hauumi. Nikaona basi unachotaka ni kupumzika. Na kwetu mkono wa kushoto hauna kazi nyingi za heshima. Huli nao, humsalimii mtu nao, humpi mtu kitu nao. Kwa hiyo niliweza kushinda kijijini kutwa nzima bila mtu kuona kwamba mkono wangu mmoja haufanyi chochote. Hata mimi mwenyewe nilikuwa sioni. Nilivaa koti, na baridi ya huku mnaijua, hakuna aliyeniuliza. Mkono wa kulia ukawa unafanya kazi ya mikono miwili, ukanenepa. Wa kushoto ukazidi kwisha. Nikivua shati nioge, bega moja ni la mwanamume na jingine ni la mtoto.

Waliokuja kuona wakasema yao. Wengine walisema yupo mtu anayeula huo mkono. Nilikwenda mpaka Sumbawanga mjini, nikapewa mafuta ya kupaka na mzee mmoja wa mtaa wa Chanji. Nitasema kweli, mafuta yale yalipasha moto na maumivu ya baridi yalipungua, lakini mkono haukunenepa. Nilisali pia, rozari kila jioni, na moyo ulitulia, lakini mkono haukunenepa. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea.

Sasa niwaeleze hofu yangu ilikuwa wapi. Kulima kwa ng'ombe nilijifunza kwa mjomba wangu tangu ujana, na plau ilipofika kijijini nilipewa mimi. Jembe la mkono kwa mkono mmoja hulimi tuta hata moja likakamilika. Plau ndiyo kazi pekee iliyobaki ninayoweza kuifanya nikahesabiwa kama mtu mzima anayefanya kazi. Ikiondoka hiyo, mke wangu Leokadia analima peke yake na mimi nakaa na wazee wanaoota jua. Sisemi kuota jua ni aibu kwa mzee. Mimi nilikuwa sijafika umri huo.

Msimu wa kwanza baada ya kuvunjika, Leokadia alitangulia mbele na kamba ya ng'ombe, mimi nyuma nimeshika plau. Mifuo ya plau ilinyooka. Nikamshukuru Mungu, nikasema mkono huu mwembamba kumbe unatosha.

Mwaka huu mvua za kwanza zilimkuta Leokadia amejifungua. Mdogo wake, Gaudensia, akaja kutoka Chala kumsaidia dada yake, na kamba ya ng'ombe ikawa yake. Gaudensia ni shemeji yangu, na ninyi mnajua shemeji ni mtani, atasema atakalo na huna ruhusa ya kukasirika. Huyu wangu alianza kutumia haki hiyo tangu hajashusha mzigo.

Siku ya kwanza katika shamba la kijiji tulikwenda mpaka mwisho wa kipande, tukageuka, nikatazama nyuma. Mfuo ulikuwa umepinda kama mundu. Waliokuwa wanalima kwa mikono pembeni wakasimama kutazama.

"Shemeji, vuta sawasawa," nikamwambia.

"Nimevuta sawasawa. Tazama nyayo zangu. Mimi nimepita njia, wewe umelima nyoka."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa karibu, akaja.

"Kalisto, ndiyo nini hii?"

"Ng'ombe hawajamzoea huyu, mzee."

"Shikamoo mzee," akasema Gaudensia. "Ng'ombe wamenizoea. Ila mkono wake wa kushoto ndio hawajawahi kuonana nao."

Mwenyekiti hakucheka. Alisema, "Shamba hili ni la watu wote. Mfuo wa kwanza ukipinda, inayofuata inapinda nayo. Malizeni kipande hiki cha juu. Nikija kukuta kiko hivi mpaka mwisho, ng'ombe nampa mtu mwingine." Ndugu zangu, hakuwa na chuki nami. Ningekuwa mimi mwenyekiti ningesema vilevile, labda kwa ukali zaidi.

Nyumbani nikamkuta Leokadia ananyonyesha. Nikamweleza mfuo ulivyopinda, kisha nikamuuliza yeye alikuwa anavutaje.

Akamtazama mtoto badala ya kunitazama mimi. "Baba Anyesi, plau ilikuwa inalala upande. Nikisikia inalala, nawavuta ng'ombe pembeni kidogo, mfuo unanyooka."

"Msimu mzima?"

"Watu walikuwa wanaangalia. Ningefanyaje?"

Kwa hiyo mifuo ile iliyonyooka ilikuwa ya kwake. Sikumkasirikia, wala sikumshukuru. Mpaka leo sijui kipi kilistahili. Alinificha kwa upendo, na mkono ukaendelea kulala ndani ya upendo huo.

Gaudensia alikuwa jikoni, masikio yote kwetu. Akatoka na mwiko mkononi.

"Basi mimi si mke wako, sitakuficha. Kuanzia sasa kitu chochote unachonipa, nipe kwa huo mkono wa mgonjwa. Cha mkono wa kulia sipokei."

"Kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana."

"Mtani hatukaniki, shemeji. Nitukane kutwa, nimekuja kwa kazi hiyo."

Leokadia akacheka mpaka mtoto akaacha ziwa.

Ndivyo ilivyoanza. Kibuyu cha maji, kuni, ndoo, nira ya ng'ombe asubuhi, vyote kwa kushoto. Sitawaambia haukuuma. Uliuma mpaka meno. Siku moja nilichoka nikampa kibuyu kwa mkono wa kulia, nikadhani hataona. Akakunja mikono yake kifuani. Nikakiachia bila kutazama, nikidhani amekishika, kikaanguka, maji yakamwagika yote.

"Kuna mtu amenipa kitu?" akauliza. "Mimi sijaona." Nikarudi kisimani.

Siku nyingine mzee mmoja akipita njia ya shambani alinikuta nampa maji, akasimama.

"Wewe kijana, nani alikufundisha kumpa mtu maji kwa kushoto?"

Kabla sijajibu Gaudensia akapiga goti. "Shikamoo babu. Huyu ni shemeji yangu, ananitukana. Mwache amalize, bado ndoo."

Mzee akaniangalia, akauangalia mkono, nadhani akaelewa. "Basi mtukane vizuri," akasema, "usimwage." Akaenda zake.

Shambani hakunihurumia hata kidogo. Alitembea mbele bila kugeuka, na plau ikianza kulala alijua kwa jinsi kamba ilivyovuta. "Inalala hiyo! Amka nayo!" Nami ilibidi nikandamize kwa kushoto, kwa sababu mbele hapakuwa na mtu wa kunirekebishia. Mwanzoni ilinyooka nusu ya kipande, kisha mkono unachoka na mfuo unakwenda zake. Tukawa tunaurudisha kidogo kidogo katika mfuo unaofuata. Jioni nilikuwa siwezi kufunga kifungo cha shati. Lakini kulipopita siku kadhaa Leokadia akanishika hapa juu ya kiwiko, akasema kuna kitu kigumu kinaanza. Mimi sikuamini. Nikamwambia Gaudensia ashike naye. Akasema, "Ni mfupa huo, usijisifu." Nikarudi kumwamini Leokadia, maana nilipenda alichosema, na hilo nalo nalisema ili mjue.

Mwenyekiti akaja tulipomaliza kipande. Alisimama mwisho wa shamba, akafumba jicho moja, akaangalia mifuo kwa urefu. Ya chini ilikuwa imepinda, na mahindi yake yataota yakiwa yamepinda, mtayaona wenyewe. Ya katikati ilikuwa inayumba. Ya juu ilinyooka. Aliitembea yote, pole pole, mikono mgongoni. Mimi nilishika nira ingawa haikuhitaji kushikwa.

Akarudi, akasema, "Kesho anza upande wa mtoni." Basi. Akaanza kuondoka.

"Mzee, mimi hujanisifu?" Gaudensia akamwita.

"Wewe nasikia umetukanwa sana," mwenyekiti akasema. "Pole." Hapo ndipo alipocheka.

Ndugu zangu, nimefikiri sana kama huu ni ushuhuda au ni habari tu. Hakuna aliyeniwekea mikono nikapona papo hapo. Na haujapona wote. Mkono wa kushoto bado ni mdogo kuliko wa kulia, mikono ya shati haikai sawa, na gunia siwezi kuliweka bega hilo. Wengine wanasema yalikuwa mazoezi tu, na tabibu alikwisha kusema tangu mwanzo. Ni kweli, alisema. Lakini kusikia nilisikia mwaka mzima bila kutenda. Nilimwomba Mungu anipe mkono, akanipa mdomo wa shemeji. Ningeulizwa ningechagua njia nyingine, yenye utaratibu zaidi. Sikuulizwa, na namshukuru. Leo nalima, nahesabiwa pamoja na wanaume wengine, na Leokadia akirudi kushika kamba ameahidi atatembea moja kwa moja.

Kama kuna mtu kati yetu ana upande wake mmoja uliolala, wa mwili au wa moyo, na ameufunika kwa koti, namwomba amtumaini Mungu na aufunue mbele ya mtu mmoja asiyemwonea haya. Utauma. Mungu hakuniondolea hilo, ila hakuniacha ndani yake. Apewe sifa kwa kazi nitakayoifanya kesho asubuhi kama mvua itaruhusu.

Nimemsomea Leokadia yote haya, akasema ni marefu lakini ni ya kweli. Jioni tumekula ugali wa ulezi na uyoga wa karanga. Gaudensia amekwisha kurudi Chala, kwa hiyo tumekula kimya, na nilimpa Anyesi, mtoto wetu mkubwa, bakuli la mboga kwa kushoto, mama yake akaniangalia, asinikataze.