Mwenye Kadi ya Dhahabu

Ndani ya basi la kuwapeleka abiria kwenye ndege, fundi cherehani alijifanya anasoma tiketi huku ametega sikio. Mfanyabiashara mmoja, koti lake la bei likimpwaya mabegani, alikuwa akimlalamikia bibi aliyekaa kando yake. "Miaka kumi na miwili nasafiri na shirika hili la ndege, wamenipa na kadi ya dhahabu. Wananiita niingie basini wa kwanza, wengine wanajaa mlangoni nyuma yangu, nashuka wa mwisho. Hiyo nayo ni heshima?"

"Mimi hata hawanijui, mwanangu. Naenda kumpakata mjukuu wangu wa kwanza. Ndege ni moja, tutafika pamoja."

Fundi alikohoa kuficha kicheko. Basi likasimama. Safari hii ukafunguka mlango wa upande wa pili, mbele ya mwenye kadi. Aliinua mguu, akaurudisha.

"Tangulia, mama," akasema. "Wewe kuna anayekungoja."