Mama Sukuma na Kibao cha Hospitali

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sukuma, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika wodi ya wazazi ya hospitali kongwe, lile jengo la mawe mkabala na nyumbani kwetu. Alikuwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe. Wodi hiyo leo ni ukumbi wa chakula wa hoteli.

Alisoma shule ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana, ambako alizimia alipoona chura akipasuliwa. Baba akasema, “Huyu na damu wapi na wapi?” Kesho yake dada alikishika kisu mwenyewe. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ukunga, na kuanzia 1973 hadi 2009 alipokea watoto katika wodi ileile alimozaliwa. Baadhi yenu mliobeba jeneza leo, mikono ya kwanza kuwashika ilikuwa yake.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa. Gari la harusi lilikwama kwenye tope. Bibi harusi aliteremka na gauni lake, akawapanga wasimamizi nyuma ya gari, akapaza sauti ya wodini: “Vuta pumzi! Haya, sukuma! Usikaze shingo, baba, sukuma!” Jina likamganda. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2005, na gari lake la kazi sasa linatumika kuuzia aiskrimu uani mwa hoteli.

Mwaka 2009 hospitali ilihamishiwa nje ya mji na jengo likapewa mwekezaji. Chumba cha dawa kikawa duka la zawadi, wahudumu wakavalishwa sare za wauguzi, na kibao kikubwa cha HOSPITALI kikaachwa juu ya lango kwa sababu wageni walikipenda. Wagonjwa kutoka mbali nao walikiona wakaingia. Dada alimwendea meneja kumtaka akishushe.

“Bibi, hicho kibao ndicho kinacholeta wageni.”

“Na wagonjwa kinaowaleta utawalaza wapi? Baani?”

Meneja alicheka, akamwagizia juisi. Ilikuja kwenye chupa ya dawa. Dada hakuigusa.

Tangu hapo alitoa kiti, akakaa kando ya lango kila siku, akiwageuza wagonjwa na kuwatafutia usafiri. Siku moja alikuwa sokoni, na mama mwenye uchungu akaingia na mkwewe. Mlinzi akawauliza kama wameweka nafasi! Dada alirudi mbio na kumzalisha kwenye kochi la mapokezi. Mtoto alilia, tukashukuru. Wiki iliyofuata kochi lilizungushiwa kamba, wageni wakawa wanalipiga picha. Kibao hakikuguswa. Hilo lilimuuma dada yetu kuliko kitu chochote tulichowahi kumwona akipitia, na sisi linatuuma mpaka leo.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Mchana wa Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, pumzi zilianza kumkatika. Hotelini kulikuwa na sherehe, na magari ya wageni yalikuwa yameegeshwa hadi mlangoni petu. Tulipopata upenyo, barabara ya kwenda hospitali mpya ilikuwa imefungana. Alifia kwenye foleni, kichwa chake mapajani mwa bintiye. Zamani tungemvusha barabara tu, kwa kumbeba mikononi.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na watoto wa wodini wasiohesabika. Shada lile kubwa pale mbele limeletwa na hoteli. Kadi yake inaomba picha ya marehemu akiwa na sare, itundikwe ukumbi wa chakula. Meneja yupo hapa, namwona. Jibu la familia ni hapana.

Kesho wagonjwa watakuja kama kawaida, na hawatamkuta mtu wa kuwageuza.

Dada, pumzika kwa amani. Na wewe meneja, ukitoka hapa, tafuta ngazi.